Neno la Mama Sekela Nililolikataa

Jumapili, saa kumi na mbili jioni. Mvua imenyesha tangu alfajiri, na sasa imebaki ile ya manyunyu ambayo sisi wa Kyela hatuihesabu kuwa mvua. Nguo nilizofua juzi bado zinanuka unyevu. Nimetoka darasani, nimekunywa chai ya tangawizi, nimevuta kiti karibu na dirisha. Moyo umetulia.

Nataka kuandika sasa, kabla utulivu huu haujanisahaulisha nilivyokuwa siku kumi na mbili hizi.

Ni habari ya neno moja tu la Kiingereza. Lina herufi tano.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, mtoto wa wakulima wa mpunga na kokoa wa Makwale, na hapa mjini nimepanga vyumba viwili. Miezi minane sasa, kila Jumapili saa nane mchana, nafundisha Kiingereza kina mama kumi na wawili katika ukumbi wa kanisa. Wengi ni Wakristo, watatu ni Waislamu, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini tunasomea kanisani. Ukumbi una ubao na paa halivuji, basi. Wote ni wafanyabiashara. Kuna wa mchele, wa vitenge, wa samaki, wa ndizi. Karibu wote wana shangazi, mjomba au mume ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Malawi. Na ndugu hao wa Karonga, ng'ambo ya mto, wanaelewana nao vizuri. Tabu ni wanunuzi wanaotoka mbali zaidi, Mzuzu na Lilongwe, ambao Kiswahili hawakijui. Hao wanasema Kiingereza, na kina mama walichoka kuuza kwa kuonyeshana vidole.

Sehemu wanayoipenda ni ya mwisho. Naandika herufi nne ubaoni. Wao wanagawanyika meza mbili na kutafuta maneno ya Kiingereza yenye herufi hizo zote, kwa mpangilio wowote, na nyingine za kuongezea wanazotaka. Meza inapata neno, mmoja wao anakuja kuliandika, mimi nakubali au nakataa. Meza ikiishiwa, imeshindwa. Zawadi hakuna. Lakini ungewaona! Watu wazima wenye wajukuu wanazibana sauti wasisikiwe na meza ya pili.

Mchezo huo niliutoa utotoni mwangu. Nyumbani Makwale hatukuwa na vitabu vya hadithi, tulikuwa na maandishi ya kwenye magunia na maboksi. Nilikuwa nayapekua yale maneno kama mtu anayechambua mchele. Mpaka leo nikiona "transport" ubavuni mwa lori, naona humo ndani kuna "sport", kuna "port", na nikikaza macho namwona hata kasuku, "parrot", amejificha. Ni starehe yangu. Haihitaji vocha wala umeme.

Jumapili ile, wiki mbili zilizopita, niliandika C, R, S na U.

Meza ya dada Bupe ilianza. Dada Bupe ni muuza mchele, ana miaka arobaini na kitu, ndiye mwenyekiti wa darasa. Aliandika "customer", na meza yake ikapiga makofi. "Hilo lazima tulijue," akasema, "ndilo linalosomesha watoto." Meza ya pili ikaja na "church". Nikakataa, halina S. Wakashauriana, wakarudi na "churches". Halafu "course". Halafu "cucumbers", tukacheka. Mtu akaleta "clouds", nikasema halina R, akaniambia mbona yeye anaisikia. Hapo kila mtu alijiangalia. Sisi ambao Kinyakyusa kimetangulia mdomoni, L na R kwetu ni ndugu wa tumbo moja. Huwezi kukaa unatafuta R kwa masikio. Itabidi uitafute kwa macho.

Tukaendelea hivyo. "Rescue". "Curtains". Mpaka meza zote mbili zikaanza kukauka, na ikawa zamu ya meza ya Mama Sekela, na wenzake wakawa wanatazama dari.

Mama Sekela akainuka.

Niseme ni nani. Ni Mkisi wa kando ya ziwa, umri unakaribia sitini, anauza vyungu soko la Lyulilo. Vyungu vinafinyangwa na kina mama wa vijiji vya huko ufukweni, vinaletwa kwa mitumbwi, yeye anavipokea na kuviuza. Jumamosi jioni huleta vingine mjini na kulala kwa binti yake, na Jumapili huja darasani. Hukaa nyuma. Huandika kwa penseli tu. Akiwa mdogo alilelewa na shangazi yake upande wa Malawi na akaishia darasa la tatu, lakini Kiingereza kidogo alichonacho kimenyooka, hakibabaiki. Ndiyo maana wenzake walikuwa wamemchagua awe msemaji wao katika mkutano wa wafanyabiashara huko Karonga, ambako wanunuzi wakubwa wangekuwepo. Kama vyungu na mchele vingepata mnunuzi wa moja kwa moja, kina mama hawa wasingewategemea tena madalali wanaowangojea mpakani. Walimchagua wote, kwa sauti moja, na yeye alifunika uso kwa kitenge kama msichana.

Basi akaja ubaoni, akaandika polepole: C-R-U-S-E.

"Kruzi," akasema.

Niliitazama. Nikajua papo hapo kilichotokea, au nilidhani nimejua: alitaka kuandika "cruise", akaisahau I. Au alitaka "curse" akapindua. Ndani yangu, mahali padogo kabisa, kulikuwa na sauti iliyosema, labda lipo. Kamusi ndogo ilikuwa ndani ya mkoba wangu, hatua mbili tu. Sikuifungua.

Nitaandika kwa nini, maana hii ni shajara yangu na nikidanganya humu nitasema kweli wapi? Sikuifungua kwa sababu watu kumi na wawili walikuwa wananiangalia, na mimi ni mtoto kwa umri kwao wote. Kitu pekee kinachonifanya nisimame mbele yao ni kwamba Kiingereza nakijua. Niliogopa kupekua kamusi mbele yao. Nikaona heri niwe na uhakika, hata wa uongo.

Na kama kukataa hakutoshi, nikatia chumvi.

Nikasema, "Mama, hapa tunayatafuta maneno, hatuyafinyangi."

Ukumbi ulivunjika kwa kicheko. Kwa muuza vyungu, neno lile lilikaa vizuri mno. Nilifurahi. Nakumbuka kabisa kwamba nilifurahi, nikajiona mwalimu mchangamfu.

Mama Sekela hakubisha. Alichukua upindo wa kitenge chake, akalifuta neno lake mwenyewe ubaoni, akarudi kukaa. Darasa lilipokwisha nilimsikia akimwambia dada Bupe, "Karonga mpelekeni mwingine. Kiingereza changu mimi ni cha kufinyanga." Bupe akacheka, akadhani ni utani unaendelea. Mimi nilikuwa napangusa ubao. Nilisikia kila kitu, nikaendelea kupangusa ubao ambao ulikuwa umekwisha kuwa safi.

Kesho yake, Jumatatu, wakati wa chai, nilifungua kamusi kubwa ya ofisi ya walimu. Nilijiambia nafungua tu ili nijiridhishe.

Lilikuwepo.

Lilikaa katikati ya "crusade" na "crush", halina haraka, kama mtu aliyekuwa nyumbani siku zote. Maelezo yake yalikuwa mstari mmoja: neno la zamani, chombo kidogo cha udongo cha kutilia mafuta au maji.

Chungu. Yule mama alikuwa ameandika chungu ubaoni, bidhaa yake mwenyewe, kwa tahajia sahihi, na mimi nikamwambia anafinyanga.

Niliifunga kamusi na kwenda kufundisha vipindi vyangu.

Hapa ndipo aibu yenyewe ilipo. Kosa la Jumapili lilitokea ndani ya pumzi moja, naweza kulisamehe. Lakini kuanzia Jumatatu ile nilijua, na nilikaa kimya. Nilijipa sababu nzuri nzuri. Kwamba ni neno la zamani, nani analitumia leo? Kwamba nikirudi kulizungumza nitamwaibisha upya. Kwamba yeye mwenyewe ameshasahau. Ni ajabu jinsi mtu anavyokuwa hodari wa kutafuta maneno akiwa anajitetea.

Jumapili iliyofuata Mama Sekela hakuja. Bupe alisema ana mafua. Nikayakubali yale mafua haraka sana, hata sikuuliza kama amepata dawa. Kina mama wakamchagua Bupe mwenyewe kwenda Karonga, na Bupe ni shujaa wa mizani na magunia, lakini tulipomfanyisha mazoezi ya kuwasalimu wageni kwa Kiingereza, alisoma kwenye karatasi neno moja moja, na mara tatu akarudia mwanzo. Alimaliza, akakaa, akasema taratibu, "Mama Sekela angeweza." Akanitazama. Sijui kama alikuwa ananishtaki. Nafikiri alikuwa amechoka tu.

Alhamisi nilimpigia simu mama yangu Makwale. Nilimweleza yote, ila nilisema ni mwalimu mwenzangu. Nilimpa na jina la uongo. Mama alisikiliza mpaka mwisho, nikasikia anawafukuza kuku kwenye mkeka wa kokoa, halafu akaniuliza:

"Huyo mwalimu mwenzako ana mama?"

"Anaye."

"Basi mwambie mama yake amesema aende akaombe radhi."

Akakata simu.

Jana, Jumamosi, nilipanda bodaboda asubuhi mpaka Matema, na kutoka pale nikatembea kwa miguu ufukweni hadi Lyulilo. Njiani viatu nilivivua. Mitumbwi ilikuwa imeshafika. Vyungu vilikuwa vinashushwa kutoka kwenye manyasi vilivyofungiwa, vinapokewa mkono kwa mkono, vinapangwa mchangani kwa ukubwa wake. Mama Sekela alikuwa amepiga goti katikati yake. Alikuwa anagonga kimoja kimoja kwa kiungo cha kidole na kutega sikio, na kilichotoa sauti mbaya alikiweka pembeni bila kusema kitu.

Aliniona. Akaendelea kugonga.

"Ugonile, mwalimu."

"Ndaga, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Unataka cha mboga au cha maji?"

Nilisema sikuja kununua. Akasema basi nisogee kidogo, nimesimama palipo njia ya wateja. Nikasogea. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri tangu kwenye pikipiki, yakapotea yote. Nikachuchumaa upande wa pili wa vyungu ili tuwe sawa kwa kimo.

"Mama, lile neno lako lipo. Nililikataa na lipo. Ni neno la kweli."

"Najua lipo," akasema. "Mimi ndiye niliyelileta."

Akagonga kingine.

"Ulijua lini?"

Hilo swali sikulitarajia. Nilitarajia aseme haidhuru, mwanangu, ndivyo wazee wetu wanavyosema ili kukupunguzia. Ningeweza kusema nimejua jana. Maneno yalifika kabisa ulimini. Lakini alikuwa ametega sikio, vile vile alivyokuwa anategea vyungu, na nikaona atasikia.

"Jumatatu ile ile. Kesho yake."

Aliacha kugonga. Akahesabu kwa vidole, taratibu, bila kutoa sauti.

"Siku kumi na mbili."

"Ndiyo, mama."

"Kutojua si kosa, mwalimu. Mimi nimekaa miaka hamsini sijui mengi na sijafa." Akakipangusa mchanga chungu alichokishika. "Lakini siku kumi na mbili umekula, umelala, umefundisha watoto wa watu, na wenzangu wote wameamini kwamba nimefinyanga neno."

Alikuja mteja, mama mmoja na mtoto mgongoni, wakapatana bei, akaondoka na chungu cha mboga. Nilidhani mazungumzo yamekwisha. Kumbe yeye alikuwa anaamua kama anisimulie.

Akanisimulia. Shangazi yake alikuwa akipika katika nyumba ya misheni moja upande wa Malawi, na Mama Sekela, akiwa na miaka saba au minane, alikuwa anashinda naye jikoni. Mwenye nyumba alikuwa mama mzee wa Kizungu, na kichungu cha mafuta ya taa alikiita hivyo, "cruse". Kila jioni alimtuma mtoto akilete. Siku moja akamwandikia lile neno kwa mkaa kwenye jiwe la jikoni na kumfundisha kulisoma, herufi moja moja. Ndilo neno la kwanza alilolisoma maishani mwake katika lugha yoyote. Kabla ya jina lake.

"Nilikaa nalo," akasema. "Hakuna mahali pa kulitumia. Nani ataniuliza? Siku ile ulipoandika zile herufi zako nikaziona zote zimo. Moyo ulinidunda. Nikasema, haya, leo limepata pa kwenda."

Machozi yalinitoka. Sikuyazuia wala sikuyaonyesha, nilitazama ziwani. Nikamwomba radhi, safari hii vizuri, kwa magoti kabisa, mchanga ukiniuma. Nikasema nimekosa, nikasema nilimcheka kwa kuficha kwamba sijui, na nikanyamaza kwa kulinda jina langu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanishika mkono kuniinua.

"Ulinicheka mbele za watu," akasema. "Sasa unaniomba radhi mbele za vyungu."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekuonyesha pesa uliyoiangusha. Nilimuuliza kama kesho atakuja darasani. Akasema leo halali mjini, kesho atatazama mvua.

Leo mvua imenyesha tangu alfajiri. Nimeshasema.

Saa nane nilikuwa ukumbini na kamusi kubwa ya shule, niliyoiazima Ijumaa na kuifunga kwenye mfuko wa plastiki. Walikuja tisa. Mama Sekela hakuja. Nilikaa kwanza nikitazama mlango. Nilijiambia nisubiri mpaka wiki ijayo, maana radhi inataka mwenyewe awepo. Nilipoisikia sababu hiyo ikijipanga kichwani niliijua, ni ya ukoo mmoja na zile za Jumatatu. Nikasimama.

Nikaandika neno lake ubaoni. Nikawaeleza. Niliwaambia kwamba nilikuwa na kamusi kwenye mkoba siku ile na sikuifungua kwa kuogopa kuonekana sijui. Niliwaambia kwamba kesho yake nilijua, na nimekaa siku kumi na mbili na jambo hilo. Nikaipitisha kamusi meza kwa meza, kila mmoja aweke kidole kwenye ule mstari. Waliweka kidole mmoja baada ya mwingine. Nje maji yalichuruzika kutoka kwenye paa.

Nilitegemea wanihukumu, au wanihurumie. Dada Bupe akasema, "Na mimi nilicheka."

"Hata mimi," akasema mwingine.

"Mimi nilicheka mpaka nikashika mbavu," akasema wa tatu, na hakuna aliyecheka.

Bupe akatoa simu, akapiga, akaweka spika na kuilaza juu ya kamusi. Iliita sana. Halafu sauti ya Mama Sekela ikatoka, mbali kidogo, na mvua ya kwake ikisikika nyuma yake. Barabara ilikuwa imekatika mahali, akasema, maji yamepita juu, magari yamesimama. Bupe akamwambia mwalimu ameomba radhi mbele ya wote.

"Amesema neno lipo?"

"Amesema. Tumelishika kwa vidole, liko kwenye kitabu."

"Amesema na siku?"

Bupe akanitazama. "Amesema. Kumi na mbili."

Tukawa watu kumi tumeinamia simu moja.

"Haya," akasema Mama Sekela. "Jumatano nitakwenda Karonga."

Kelele zilizotoka hapo sikumbuki kuzisikia hata siku za harusi. Mtu alipiga vigelegele. Bupe alikaa chini kwa nguvu na kujipepea na ile karatasi yake ya salamu, akisema ndaga fijo, ndaga fijo, sijui alikuwa anamshukuru nani. Kelele zilipopungua Mama Sekela alikuwa bado yupo hewani. Akaomba aongee na mimi. Nikaondoa spika, nikaweka simu sikioni.

Nilimwambia, kama akitaka, nitaomba ruhusa shuleni Jumatano niwasindikize Karonga, nikae karibu, akikwama nimsaidie neno.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Ukiwepo nitakuwa nakutazama wewe. Nikikwama nitawaambia nimekwama, watanisubiri."

Aliniita mwanangu. Sikutaka kulitia maana kubwa, ni neno ambalo kina mama wa kwetu wanamwita kila mtu. Lakini tangu wiki mbili zilizopita alikuwa ananiita mwalimu tu, na nililisikia lilipobadilika.

Tukacheza mchezo kidogo baada ya hapo, mchezo wa furaha usio na meza. Sikukataa neno lolote bila kulifungulia kamusi. Ilichukua muda mrefu mno, na mara mbili nilikuta nilichokuwa na uhakika nacho sicho. Nililitangaza hivyo hivyo. Mara ya pili ilikuwa rahisi kuliko ya kwanza. Hakuna aliyeondoka. Hakuna aliyenidharau, au kama yupo, aliondoka na dharau yake kimya kimya na kuniaga vizuri.

Sasa giza linaingia na manyunyu yameisha. Jirani ameanza kukaanga vitunguu, nami sijala tangu saa tano.

Kuna msichana mmoja wa Kidato cha Pili, anakaa mstari wa mbele. Wiki iliyopita aliniuliza kwa nini baadhi ya maneno ya Kiingereza yana herufi ambazo hazitamkwi, zimewekwa za nini. Sikujua jibu. Nilimwambia akae chini, tusipoteze muda wa kipindi, na alikaa, akafunika daftari lake.

Kesho Jumatatu kipindi cha kwanza ni chao. Nitaanza na yeye.